Karamu ya Utitiri

Kila alasiri, basi la shule lilipomshusha kwenye kona ya mtaa wao wa Al Mansoura, Saada aliziba pua. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na kinyaa tu. Kati ya kona ile na mlango wa jengo lao palikuwa na pipa kubwa la chuma la kutupia taka, na katika joto la Doha pipa hilo lilikuwa na uhai wake. Lilivuja maji meusi kwa chini. Paka waliingia wamekonda wakatoka na vichwa vya samaki. Nzi hawakuruka hata mtu akipita karibu, kwa kuwa walishiba mno.

"Mtoto huyu angezaliwa samaki," baba yake alizoea kusema, "asingeoga baharini, kwa vile samaki wenzake wanakojoa humo humo."

Baba yake, Kassim, alikuwa dereva wa basi la hoteli. Mama yake, Bi Arafa, alikuwa mwenyeji wa Tanga, mwenye sauti ya kuita watu na mkono wa kuwalisha. Walikaa ghorofa ya nne. Saada alikuwa na miaka kumi na miwili, na kinyaa chake kilijulikana jengo zima. Hakunywa chai iliyoota utando wa maziwa. Hakushika kitambaa cha kufutia meza ila kwa ncha za vidole viwili. Akiona unywele kwenye sahani, siku hiyo basi, hali tena.

Rafiki yake Cherotich, binti wa Kikenya aliyekaa ghorofa ya pili, alimpa jina: Bi Kinyaa.

Baada ya kuvua sare na kula, Saada alikuwa na kazi moja, nayo ilikuwa darini. Huko juu, kati ya matangi ya maji na mashine za viyoyozi, wapangaji wachache waliotoka Afrika Mashariki walikuwa na bustani. Usiidhanie bustani kubwa. Yalikuwa masanduku ya mbao na yale masanduku meupe ya kuwekea samaki, yamejazwa udongo wa kununua, na ndani yake mlikuwa na mchicha, sukuma wiki, pilipili mbuzi, nyanya na bilinganya. Kilichoanza kama hamu ya mboga ya nyumbani sasa kilikuwa kitoweo cha kila siku. Mlinzi wa jengo, ambaye watu wote walimwita haris, aliwaruhusu kwa hisani yake tu, na kwa sababu alipenda sana pilipili mbuzi za Bi Arafa.

Bi Arafa ndiye aliyekuwa kichwa cha bustani ile. Alitunza ndoo, mpira wa maji, na mfuko wa yuria, ile mbolea nyeupe ya kukuzia yenye punje kama sukari. Kipimo chake kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda kwa ndoo nzima ya maji, tena kwa nadra.

Kazi ya Saada ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, kumwagilia. Ya pili, kuchukua kitambaa kibichi na kufuta kila jani la bilinganya, hasa upande wa chini.

"Vumbi la huku halina mzaha," mama yake alimwambia siku ya kwanza. "Na wadudu hawajengi barazani, mwanangu. Wanajenga uvunguni. Ukifuta juu tu, umefuta uso wa mgeni, hujafuta nyumba."

Saada alifuta vizuri kwa muda. Kisha siku moja akageuza jani, na kidole chake kikazama kwenye kitu laini. Alikuwa kiwavi wa kijani, mnene. Alipasuka. Utumbo wake, wa kijani vilevile, ukamtiririkia Saada mpaka kwenye kiganja.

Alipiga kelele hadi haris akapanda mbio akidhani kuna moto.

Tangu siku hiyo hakugeuza tena jani hata moja. Alipanda darini, akalinyunyizia kila jani maji kwa juu likang'aa, akakilowesha kitambaa ili kionekane kimefanya kazi, akashuka.

"Umefuta?" mama yake aliuliza.

"Nimefuta, mama."

"Na chini?"

"Na chini."

Maneno mawili tu. Uongo huo haukumchoma kooni, na ndivyo ulivyopata nafasi ya kukua.

Joto lilipoanza kupanda na upepo wa vumbi kuvuma, Saada aliona kitu kipya. Majani ya bilinganya yalikuwa na vidoa vidogo vya njano, vingi, kana kwamba mtu ameyachoma kwa sindano. Yalionekana yamechoka. Aliyatazama kwa huruma, maana chini ya kinyaa chake Saada alikuwa na moyo mwepesi. Alimkumbuka bibi yake wa Tanga, aliyepika uji kila aliposikia jirani anaumwa. Mtu ana homa, uji. Ana mafua, uji. Amejifungua, uji na pilipili manga. Mgonjwa hulishwa, bibi alisema, na Saada hakuwahi kusikia likipingwa neno hilo.

Basi aliilisha mimea yake. Alifungua mfuko wa yuria akaongeza kifuniko cha pili kwenye ndoo. Siku zilizofuata aliongeza tena, na tena, mpaka akaacha kutumia kifuniko akawa anamimina kwa makadirio ya jicho. Sanduku moja tu halikupata kitu. Lilikuwa nyuma ya tangi la mwisho, ambako njiwa walikuwa wamejenga, na mavi yao yalikuwa yameganda pale kama nta ya mshumaa. Saada hakuweza kukanyaga hapo. Alilirushia maji kwa mpira kutoka mbali, basi.

Mbolea ilifanya miujiza. Majani yakawa mapana, laini, ya kijani kibichi kilichokolea. Mashina yakanenepa. Bi Arafa alipanda siku moja, akapiga makofi.

"Saada! Mkono wako una baraka. Unayapa nini haya?"

"Maji tu, mama. Na kuyafuta."

Sasa uongo ulikuwa na mwenziwe.

Siku ya balaa ilikuwa siku ya joto kali lisilo na upepo. Saada alisimama mbele ya bilinganya lake kubwa kuliko yote, akaona utando. Ulikuwa mwembamba kama pumzi, umetandwa kutoka jani hadi jani hadi kwenye ua. Kwenye utando ule palikuwa na vumbi jekundu.

Kisha vumbi likatembea.

Saada aliinama. Hakutaka, lakini macho yalimvuta. Si vumbi. Vilikuwa viumbe, vidogo kuliko punje ya chumvi, vyenye miguu, vikipanda na kushuka na kukanyagana. Ncha ya jani ilikuwa imejaa hadi vimening'inia kishada, kimoja juu ya kingine, kama uji mwekundu unaochemka polepole. Alikiweka kiganja chini ya jani bila kufikiri, na baadhi vikadondoka, vikaanza kupanda kwenye kifundo cha mkono wake.

Hakupiga kelele safari hii. Alisugua mkono kwenye ukuta mpaka ngozi ikawaka, akaona aliposugua pamebaki michirizi ya rangi ya damu. Alishuka ngazi, akaoga kwa sabuni ya vyombo, akaoga tena. Jioni hiyo mama yake alipakua mchicha wa nazi, na Saada aliona kila jani sahanini linatembea.

"Huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

Saada akaisogeza sahani mbali. Angesema utitiri, wale wadudu kama vumbi jekundu, wameingia, angeulizwa kwa nini hakuwaona mapema. Angeulizwa kuhusu kitambaa. Aliamua jambo ambalo watu wengi huliamua: asiende kuangalia tena, labda vitaondoka.

Havikuondoka. Vilihama sanduku hadi sanduku: bilinganya, nyanya, kisha maharage ya jirani. Bi Arafa alipokuja kupanda juu mwenyewe alikuta majani yamekuwa rangi ya shaba, yamevikwa utando kama nyumba iliyohamwa. Wakati huohuo haris naye alifika, ameshika shuka jeupe la mpangaji wa ghorofa ya kwanza. Kamba za kuanikia nguo zilipita karibu na masanduku, na upepo ulikuwa umefanya yake. Shuka lilikuwa na michirizi myekundu pale mwenyewe alipojaribu kukung'uta.

"Shufu! Shufu hii!" haris alifoka, akilishika shuka mbali na mwili wake. Hata yeye alikuwa na kinyaa. "Dudu kwenye kitanda cha watu! Khalas. Ijumaa, kulu barra!"

Vyote nje. Hapakuwa na haja ya mkalimani.

"Subiri, ndugu yangu, tutatafuta dawa..."

"Mafi dawa! Kulu barra!"

Bi Arafa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alizungusha macho akitafuta chanzo, na macho yake yakaangukia kwenye kopo la samli lililokuwa pembeni. Ndani ya kopo lile mlikuwa na mwaridi.

Mwaridi ulikuwa wa Cherotich. Baba yake alimnunulia siku chache kabla mkataba wake haujaisha akarudi Kericho, akamwacha yeye na mama yake hadi mama naye amalize mkataba wake. "Ukitoa ua," alimwambia, "unipigie picha." Cherotich aliutunza kuliko alivyojitunza. Ulikuwa na chipukizi moja la ua, limefumba bado.

"Huu ndio mgeni wetu," Bi Arafa alisema polepole. "Kabla ya mwaridi huu kuletwa hatukuwa na wadudu."

Saada alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno.

Jioni hiyo Bi Arafa alishuka ghorofa ya pili kuzungumza na Peninah, mama Cherotich. Saada alifuata nyuma kwa miguu mizito. Peninah alikuwa ndio kwanza ametoka kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli, mikono yake imekunjamana kwa maji.

"Shikamoo, mama," Saada alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Karibuni, mketi. Mbona nyuso ziko hivyo?"

Bi Arafa alieleza. Alijaribu kuwa mpole, lakini mtu aliyeogopa kupoteza kitu chake hupungukiwa na upole. Akamalizia: "Kwa hiyo, dada yangu, naona mwaridi ule utolewe kabla ya Ijumaa. Labda haris akiona chanzo kimeondoka, atatuhurumia."

"Mama Saada, hebu ngoja," Peninah alisema. "Mimi nimefanya kazi kwa mashamba ya maua huko Naivasha kabla nije hapa. Hao utitiri nawajua vizuri. Wanaletwa na mwaridi, ndio, wanaletwa pia na upepo, na nguo, na mguu wa njiwa. Kufika ni rahisi. Lakini kujaa namna hiyo, kwa muda mfupi hivyo, lazima kuwe na kitu kinawalisha. Mnaweka nini huko juu?"

"Kile kile cha siku zote. Kifuniko kimoja cha yuria kwa ndoo."

"Kimoja pekee?"

"Saada ndiye anayemwagilia. Saada, si kimoja?"

Hapo palikuwa na mlango wa kusema kweli, na ulikuwa wazi. Saada alimtazama Cherotich, aliyekaa kwenye mkeka akiwa ameikumbatia miguu yake.

"Kimoja," Saada alisema.

Peninah akatikisa kichwa. "Basi sielewi. Kama ni kimoja, basi sielewi. Sawa. Cherotich, kesho utautoa."

"Mama, haki sio mimi! Mimi naufuta kila siku!"

"Nimesikia. Lakini heri tuutupe kwa mkono wetu kuliko utupwe na watu wengine."

Usiku ule Saada hakuota. Ili uote ni lazima kwanza ulale.

Siku ya pili basi la shule lilimshusha kwenye kona kama kawaida, akaziba pua kama kawaida. Akamwona Cherotich amesimama mbele ya pipa la taka, kopo la samli mikononi.

"Cherotich."

"Usiniongeleshe, Bi Kinyaa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nenda ukanawe mikono."

Akalirusha kopo ndani, akageuka, akakimbilia jengoni bila kutazama nyuma.

Saada alibaki peke yake na pipa. Aliisikia harufu hata pua ikiwa imezibwa, maana harufu ile ilipita mdomoni ikakaa juu ya ulimi. Angeweza kwenda zake. Mwaridi ungechukuliwa na lori asubuhi, na pamoja nao ungechukuliwa ushahidi. Hakuna ambaye angejua.

Lakini yeye angejua. Na ghafla, pale jua kali likimchoma utosini, alielewa kwamba kile kilichokuwa kikitambaa ndani ya tumbo lake tangu jana hakikuwa kinyaa cha pipa. Alikuwa akijionea kinyaa mwenyewe.

Alijishika ukingoni, akachungulia ndani. Kopo lilikuwa limezama kati ya mfuko uliopasuka wa nepi na wali uliochachuka wenye ukungu wa kijani. Funza walikuwa wakijipindapinda kwenye utumbo wa kuku. Saada akageuka, akatapika kando ya gurudumu la pipa. Paka alimtazama kwa mshangao.

Alijifuta mdomo. Kisha akaingiza mkono, wote, hadi begani. Ute wa kitu asichokijua ulimgusa kwenye kiwiko. Funza mmoja alimpanda. Alilia kwa sauti, machozi na makamasi, lakini vidole vilifika kwenye bati, vikashika, vikavuta.

Tawi moja lilikuwa limevunjika. Chipukizi la ua lilikuwa zima.

Bi Arafa alifungua mlango akakuta binti yake amesimama ananuka kama jaa, mwaridi kifuani.

"Yarabi! Saada! Umeanguka wapi?"

"Mama, ni mimi. Si mwaridi. Mimi sikuwa nafuta chini. Tangu yule kiwavi sikuwahi kufuta. Na yuria sikuweka kifuniko kimoja. Nilikuwa namimina. Nilidhani mimea ina njaa. Mama, nilidhani inaumwa, nikailisha."

Bi Arafa alimshika bega, akampeleka bafuni, akamnawisha mikono yote miwili taratibu, kama alivyomwosha alipokuwa mchanga. Upole ule ulimwuma Saada kuliko kofi. Mwishoni mama alifunga bomba.

"Mimi nimemtuhumu mtu," alisema. "Nimekwenda nyumbani kwake nikamtuhumu, na mtoto wangu amesimama ubavuni mwangu anajua. Twende."

Walishuka. Peninah alipofungua mlango, Bi Arafa hakungoja kukaribishwa.

"Dada Peninah, nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea. Mwanangu ana la kusema."

Saada akalisema tena lote, hapo mlangoni, mbele ya Cherotich. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Alipomaliza alimkabidhi Cherotich kopo.

Cherotich alilinusa, akakunja uso. "Uliingia ndani ya pipa?"

"Mkono tu."

"Wewe? Bi Kinyaa?"

"Nilitapika," Saada alikiri.

Cherotich alitaka kubaki na hasira, lakini mdomo wake ulimsaliti upande mmoja.

Peninah alikuwa amewaza kitu kingine. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepata ufunguo alioutafuta mchana kutwa. "Ulikuwa unaweka kiasi gani, Saada?"

"Sijui. Nilimimina tu."

"Masanduku yote?"

"Yote ila la nyuma ya tangi. Kule kwa njiwa. Nilikuwa... palikuwa panatia kinyaa."

"Twendeni juu kabla jua lizame."

Nyuma ya lile tangi la mwisho, wakikanyaga juu ya mavi ya njiwa yaliyokauka, walikuta bilinganya dogo, jembamba, la kijani kilichopauka, ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisifu. Peninah aligeuza jani lake.

"Njooni muone."

Utitiri walikuwepo, ila wachache, mmoja hapa, mwingine pale. Hapakuwa na utando. Kisha akawarudisha kwenye bilinganya kubwa la Saada, lile lililopigiwa makofi, akageuza jani. Wote wanne walirudi nyuma kwa pamoja. Upande wa chini haukuonekana kabisa kwa wingi wa viumbe.

"Upepo ni huu huu, joto ni hili hili," Peninah alisema. "Tofauti ni yuria. Utitiri hana meno, Saada. Anachoma jani, anafyonza maji yake. Ukizidisha yuria, jani linakuwa pana na laini, na yale maji ya ndani yanakuwa matamu kwake. Anakula vizuri, anataga zaidi, watoto wanakua haraka. Sisi tunaona mmea umenawiri, kumbe tumewapikia pilau na kuwafungulia mlango. Kwetu wafugaji wana msemo: ukimwona ng'ombe anakonda na kupe wananenepa, usiongeze majani kwanza. Toa kupe."

"Lakini mgonjwa hulishwa," Saada alinong'ona.

"Hulishwa, ndio. Lakini kwanza huulizwa anaumwa nini."

Kassim, baba yake Saada, alipotoka kazini alimfuata haris. Hakuna aliyejua walizungumza nini kwa Kiarabu chao cha barabarani, ila walisikika wakicheka, na haris alikubali kungoja mpaka Ijumaa ya pili, kwa sharti kwamba masanduku yaondolewe karibu na kamba za nguo siku ileile.

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya kutia kichefuchefu. Majani yaliyokuwa na utando yalikatwa yote, yakafungwa ndani ya mifuko myeusi kabla hayajatikisika. Udongo ulimwagiliwa maji matupu kwa wingi, yakatoka kwa chini ya masanduku, ili yaondoke na ile yuria iliyozidi. Mfuko wa yuria ulifungwa kamba ukawekwa kabatini. Kila asubuhi kabla ya basi la shule, na kila jioni, mpira wa maji ulielekezwa chini ya majani kwa nguvu, maana utitiri hupenda ukavu na vumbi na huchukia kuoga. Baada ya hapo majani yalifutwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Moja baada ya jingine. Upande wa chini.

Kazi hiyo ya mwisho Saada aliiomba mwenyewe.

Siku ya kwanza alifuta macho yakiwa nusu yamefumba, na kitambaa kilipogeuka chekundu alikwenda kutapika kwenye mfereji wa dari. Akarudi. Cherotich, akifuta sanduku la pili, hakumtania. Siku iliyofuata hakutapika. Siku ya tatu Cherotich alimtania.

"Bi Kinyaa, umebakiza mmoja. Anakupungia mkono."

"Mwambie namjia."

Majani mapya yalipochipua hayakuwa mapana kama yale ya mwanzo. Yalikuwa madogo, magumu kidogo, ya kijani cha kawaida tu. Peninah alipendezwa nayo. Mmea ulipoanza kutoa maua, alimwelekeza Bi Arafa mbolea nyingine, ile ya mboga za matunda, yenye yuria kidogo na virutubisho vingine kwa uwiano. Wakaiweka kwa kifuniko. Saada alipima, Cherotich akasimamia kwa mikono kiunoni kama ofisa wa forodha.

Si kila kitu kilipona. Maharage ya jirani yalikufa yote, na Saada alikwenda kumwomba radhi na kumpandia mengine. Nyanya nazo ziling'olewa. Lakini Ijumaa ya pili haris alipopanda, alikuta masanduku yamepangwa ukutani mbali na nguo, sakafu imeoshwa, hata kule kwa njiwa. Aligeuza jani moja. Akageuza la pili. Alimtazama Saada, aliyekuwa ameshika kitambaa, akainua kidole gumba.

"Zein," alisema. Kisha akachuma pilipili mbuzi tatu, akazitia mfukoni.

Jioni ile walikula pamoja darini, familia zote mbili, kwenye mkeka mmoja. Bi Arafa alikuwa amepika bilinganya kwa nazi, Peninah akaleta ugali. Mwaridi ulikuwa katikati yao ndani ya kopo lake la samli, limeoshwa likang'aa. Chipukizi lilikuwa limefunguka, jekundu, na Cherotich alikuwa amekwisha kutuma picha Kericho.

"Saada," Peninah alisema, akimega ugali, "nikuambie kitu?"

"Naam, mama."

"Kuona kinyaa si kosa. Hata mimi nikiwa Naivasha nilikuwa nasikia kama nataka kutapika kila nikigeuza jani. Lakini kinyaa kikikukataza kuangalia, uchafu unapata mlinzi. Unakaa hapo chini, salama, unazaana. Na uongo ni vivyo hivyo. Ulikuwa mmoja, ukazaa wa pili, mpaka ukafika kwa kitanda cha watu."

"Na mimi nina langu," Bi Arafa alisema. Hakuwa akimtazama binti yake. Alikuwa akiutazama mwaridi. "Niliona mmea umenenepa nikapiga makofi. Sikuugeuza. Kila kitu kina kipimo chake, na anayekijua kipimo ulichotia ni wewe peke yako, Saada. Mmea hauwezi kutuambia. Usipotuambia wewe, sisi wakubwa tutabaki tunamhukumu asiye na kosa, tena kwa sauti kubwa."

Saada aliinamisha kichwa. "Nitasema, mama."

"Najua. Umeshasema mara moja, na hiyo ya kwanza ndiyo nzito."

Walipomaliza kula, Cherotich alisimama, akachovya kitambaa ndani ya ndoo, akakikamua, akakirushia mapajani mwa rafiki yake. Kilikuwa kibichi, kinanuka sabuni na udongo, na kwenye pindo palikuwa na kitu chenye miguu.

"Zamu yako, Bi Kinyaa."

Saada alikunja uso mpaka pua ikakutana na macho. Mwili ulimsisimka kuanzia shingoni hadi visiginoni. Kisha akakikung'uta kitambaa, akalifuata bilinganya la kwanza, akaligeuza jani.